Namna ya kushusha mashine nzito za useremala kwenye karakana ya chini

Katikati ya mji wa Tanga, upande unaoelekea bandarini, zimebaki nyumba chache za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa zenye stoo chini ya sakafu ya duka. Nilikodi stoo moja ya namna hiyo nikaifanya karakana. Juu, majirani walikuwa wamenichoka kwa makelele ya randa. Chini kuna ubaridi hata saa 8 mchana mwezi wa pili, na kuta nene zinameza sauti. Tabu ilikuwa moja tu: mashine zote zilikuwa juu, ngazi ina vidato 13, na mlango una upana wa sentimita 86.

Nilikuwa na mashine tatu. Kubwa ni mashine ya randa ya inchi 12, ambayo kibati chake cha kiwandani kinasema kilo 420. Ya pili ni msumeno wa meza. Ya tatu ni msumeno wa mkanda, mrefu kuliko mimi, na uzito wake wote uko juu. Zote zilishuka bila mtu kuumia wala chuma kupata ufa. Ilinichukua siku nne za matayarisho na asubuhi mbili za kushusha, na sidhani kama kuna njia ya kuipunguza hiyo hesabu.

Kabla ya hatua yoyote nataka maseremala wenzangu mnielewe kwenye jambo hili. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, tulishusha msumeno wa meza kwa mikono ya watu sita: wanne juu, wawili chini. Mmoja wa juu aliteleza. Kijana mwenzangu aliyekuwa chini alibanwa kati ya chuma na ukuta, akavunjika paja, na hakurudi tena kwenye ufundi. Tangu siku ile sikubali mtu akae upande wa chini wa mzigo uliopo kwenye ngazi, hata kwa dakika moja, hata kwa kuelekeza. Kila nitakachoeleza hapa kimepangwa kuitii sheria hiyo.

Pima kabla hujaita mtu

Chukua tepu na kipande cha karatasi, pima mlango, si kwa fremu bali kwa nafasi ya kupita mlango ukiwa umefunguliwa. Mara nyingi ubao wa mlango wenyewe unakula sentimita 4 au 5. Ung'oe kwenye bawaba, uuweke pembeni. Pima upana wa ngazi mahali pembamba kuliko pote, maana kuta za zamani hazikunyooka. Kisha pima kimo cha dari juu ya ngazi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima kutoka kidato kwenda juu kwa timazi, wakati mzigo unashuka umelala na mteremko. Weka ubao ulionyooka juu ya ncha za vidato, halafu pima kutoka kwenye ubao huo kwenda darini ukiwa umesimamisha kipimo pembe mraba na ubao. Kwangu kimo cha timazi kilikuwa sentimita 205, lakini nafasi halisi ya kupita mzigo ilikuwa 168.

Usiamini namba peke yake. Chukua fito, funga kwa misumari midogo sanduku tupu lenye urefu, upana na kimo cha mashine pamoja na kitanda itakacholalia, kisha watu wawili walibebe walipitishe njia nzima: barabarani, mlangoni, ngazini, mpaka mahali mashine itakapokaa. Sanduku langu la fito lilikwama mahali ambapo sikupategemea hata kidogo, chini kabisa, pale ngazi inapoishia na ukuta upo mbele kwa mita moja na robo tu. Ningelijua hilo na chuma kikiwa ngazini, ningelia. Nililijua na fito mkononi, nikabadili mpango: mashine itashuka ikiwa imetanguliza ubavu wake mwembamba.

Ukiwa hapo chini, tazama na ngazi yenyewe. Ya zege au ya mawe haina neno. Ya mbao itegemeze kwa mirunda chini ya kila kidato cha tatu, uikaze kwa kabari. Usidanganywe kwamba imebeba watu miaka 50. Mtu mmoja hana kilo 420, na hakai kidato kimoja kwa dakika 10.

Jua uzito, halafu upunguze

Kibati cha maelezo kikiwepo, kazi imekwisha. Kama hakipo, kumbuka kwamba chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, cha ujazo wa lita moja kina uzito wa kilo 7 na kidogo zaidi. Meza ya randa yenye urefu wa sentimita 100, upana wa 35 na unene wa wastani wa 1.8 inakaribia lita 6.3, yaani kilo 45. Mimi nilifanya hesabu hiyo kwa meza zangu mbili, nikaona peke yake ni kilo 90.

Kwa hiyo vua. Meza mbili zikatoka, mota ya kilo 35 ikatoka, kinga, fensi na vishikio vikatoka kilo 15 nyingine. Mashine ya kilo 420 ikabaki gogo la kilo 280. Visu vya randa vitoe vyote uvifunge kwenye kitambaa. Visu vilivyobaki ndani ya ngoma vimekata vidole vya watu waliokuwa wanasukuma tu.

Piga picha kabla ya kila nati kulegea, na bolti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake wenye jina. Kwenye meza kuwa mwangalifu mno: mara nyingi chini yake utakuta vipande vyembamba vya bati vilivyowekwa kiwandani au na fundi aliyetangulia ili meza mbili zilale sawa. Kila kipande kina mahali pake. Vibandike kwa utepe palepale vilipotoka na uandike namba. Ukivichanganya utakaa wiki nzima ukitafuta kwa nini ubao unatoka umepinda.

Sehemu ndogo zinashuka kwa mikono, na kutoka stendi ya magari mpaka mlangoni guta linatosha. Gogo lenyewe linahitaji gari la brekdauni au lori lenye winchi la kulishusha mpaka chini, mbele ya mlango. Hapo usibane pesa. Kushusha chuma kutoka kwenye bodi la lori kwa mabega ni hatari kuliko ngazi yenyewe.

Jambo jingine la kushika: chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Usifunge kamba kwenye meza, kwenye shafti wala kwenye kishikio chochote kilichowekwa kwa ajili ya mkono. Kamba ipite chini ya mwili wa mashine au kwenye matundu ya miguu yake.

Kitanda na reli

Mashine haishuki kwa miguu yake. Tengeneza kitanda: mbao mbili za inchi mbili kwa sita zikiwa zimesimama kwa ubavu, ncha za mbele zimechongwa mviringo kama pua ya ngalawa, zikaunganishwa kwa mbao tatu za kukatiza. Mashine ikae juu, ifungwe kwa bolti kupitia matundu ya miguu yake, halafu ifungwe tena kwa mikanda. Kitanda changu kilikuwa na kilo 30.

Juu ya ngazi laza reli mbili, nazo ni mbili kwa sita, zianzie ndani ya mlango mpaka sakafu ya chini, zimefungana kwa mbao za kukatiza ili zisiachane. Pembeni ya kila reli pigilia ubao mwembamba uliochomoza sentimita 3 juu, ndio ukuta wa kuzuia kitanda kisitoke njiani. Ncha ya chini ya reli ipate kizuizi ukutani, na ya juu ifungwe. Reli zikiteleza na mzigo ukiwa juu yake, kamba haina msaada.

Sasa jambo ambalo mafundi wengine watakubishia: usipake grisi wala sabuni kwenye reli wakati wa kushusha. Msuguano ni rafiki yako. Chukua ngazi yangu, kidato kimo chake sentimita 18 na kina chake 26. Mteremko wake ni karibu nyuzi 35. Mashine na kitanda ni kilo 310. Kwenye mteremko huo mzigo unajivuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo 176 hivi. Mbao kavu juu ya mbao kavu inazuia karibu kilo 76 kati ya hizo, kwa hiyo kamba inabaki na kilo 100 za kushika. Ukipaka sabuni, msuguano unapungua nusu, na kamba inabebeshwa kilo 138. Nisingevua meza na mota, mashine nzima na kitanda ingekuwa kilo 450, na mvuto wake kilo 256. Fanya hesabu ya ngazi yako mwenyewe kabla ya kununua kamba.

Kamba, na mahali pa kuishikia

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kutoboa ukuta, kuweka bolti ya kutanuka na kuning'iniza winchi. Kwenye ukuta wa zege ningekubali. Ukuta wa matumbawe na chokaa haukubali. Jiwe la matumbawe lina vitundu ndani, chokaa ya zamani ni laini, na bolti ikivutwa kwa upande inatoka na kipande cha ukuta. Nilijaribu bolti moja kwa mtaimbo, ikatoka kama jino bovu.

Badala yake tumia ukuta wote. Tafuta bomba nene la chuma la inchi 4, refu kuliko upana wa mlango kwa sentimita 60 kila upande. Lilaze upande wa nje wa mlango, limekatiza uwazi, limeegemea ukuta kulia na kushoto. Mzigo ukiwa ngazini unavuta kwenda ndani, bomba linabanwa kwenye ukuta wa pande zote mbili, na haliwezi kupita mlangoni kwa sababu ni refu kuliko mlango. Kati ya bomba na ukuta weka vipande vya mbao vinene, kwanza ili ukuta usimomonyoke, pili ili kamba ipate nafasi ya kuzunguka. Chini yake weka magogo mawili ya kulibeba, kwa kimo ambacho kamba itafuata mteremko wa ngazi bila kukwaruza kizingiti. Mpe fundi wa kuchomelea aliwekee mapembe mawili pembezoni yanayokaa ukutani, bomba lisizunguke.

Kisha kamba. Tanga ni nchi ya katani, na kwa kazi hii katani bado naipenda kuliko nailoni. Nailoni ina nguvu zaidi, lakini inanyumbuka: unalegeza kidogo, mzigo unasita, halafu unaruka kidato kizima. Tena ikisuguana na chuma inapata joto mpaka inayeyuka. Katani inang'ata chuma na inatoa kidogo kidogo. Kamba mpya ya katani ya milimita 20 haikatiki mpaka ipite tani 2, na mimi nilitaka ibebe kilo 100 tu. Usione ni kuzidisha. Fundo, kona na uzee vyote vinakula nguvu hiyo.

Kamba ikaguliwe mita kwa mita. Ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume cha msokoto wake mpaka nyuzi zifunguke, utazame ndani. Ndani pakiwa na rangi ya manjano angavu na nyuzi ndefu, ni nzima. Ukikuta vumbi la kahawia, nyuzi fupi zinazokatika kwa kucha, au harufu ya ukungu, hiyo ni ya kufungia mbuzi. Katani iliyolala kwenye maji huoza kutoka ndani, huku nje ikionekana nzuri.

Namna ya kuishika nilifundishwa na nahodha mmoja mzee kule Sahare. Nilimwendea kuomba roda mbili za jahazi, yaani puli za kupitishia kamba. Akaniuliza ninataka kupandisha au kushusha. Nikamwambia kushusha. Akasema, "Basi roda za nini, mwanangu? Kamba ukiizungusha mara mbili kwenye chuma, chuma ndicho kinachoshika. Wewe unakikumbusha tu." Akafunga kamba kwenye kisiki cha kufungia chombo, akaizungusha mara mbili, akanipa ncha, akaita vijana wanne wavute upande wa pili. Niliwazuia kwa mkono mmoja.

Sababu yake ni kwamba kila mzunguko unazidisha msuguano juu ya msuguano uliotangulia. Kwa kamba juu ya bomba la chuma, mizunguko miwili kamili inapunguza nguvu ya kushika mpaka sehemu moja kati ya 12 hivi. Kilo zangu 100 zikawa kama kilo 8 mkononi. Mizunguko mitatu inapunguza mpaka moja kati ya 40 na zaidi, na hapo mzigo hautaki kushuka kabisa mpaka uusukumie kamba mwenyewe. Anza na mitatu. Ukiona inagoma, punguza mmoja kabla mzigo haujaingia mteremkoni, kamwe si baadaye.

Mizunguko ikae sambamba, isipandane. Kamba ikipanda juu ya mwenzake inajifunga, na mzigo unabaki katikati ya ngazi bila namna ya kushuka wala kurudi. Anayeshika asimame mbali na bomba hatua tatu, ncha iliyobaki ikiwa imetandazwa nyuma yake bila vitanzi, na asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni hata kama amechoka. Avae glavu za ngozi.

Weka na kamba ya pili, yenye mshikaji wake, nayo imezunguka bomba mara tatu upande wa pili. Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inafuata ikiwa na ulegevu wa shubiri moja. Siku ile kamba ya pili haikufanya lolote, na nilimlipa aliyeishika sawasawa na mwenzake.

Watu na siku

Nilichukua mahamali wanne waliozoea mizigo ya bandarini, na seremala mmoja. Wawili kwenye kamba, wawili wenye mitaimbo kule juu, mmoja wa kutazama kitanda akiwa nyuma ya mzigo, upande wa juu. Mimi nikawa msemaji peke yangu. Sauti za amri ziwe tatu tu: "legeza", "shika", na "simama". Mtu yeyote anaruhusiwa kusema simama, hata mtoto anayepita barabarani. Legeza ni ya msemaji mmoja.

Walipe kwa kutwa. Ukipatana nao kwa kazi, kila mmoja anataka imalizike akawahi mzigo mwingine, na haraka hiyo utaiona kwenye kamba. Anza saa 1 asubuhi kabla jua halijashika. Epuka masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano: vidato vinateleza, na katani iliyolowa inakaza na kugoma kwenye bomba. Ukiwa mwezi wa Ramadhani, ama maliza mapema asubuhi au subiri mpaka baada ya Idi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri usimkabidhi kamba saa 9 alasiri.

Kushusha kwenyewe

Mbele ya mlango, inua mashine kuiweka juu ya kitanda kwa mtaimbo, si kwa mikono. Mtaimbo wa mita moja na nusu, ukiuwekea kigingi sentimita 10 kutoka ncha, unakuzidishia nguvu mara 14: ukikandamiza kwa kilo 30 unainua kilo 420. Inua upande mmoja tu kwa unene wa kidole, tia kipande cha mbao, shusha, nenda upande wa pili. Kamwe usiingize vidole chini. Kipande kisukumwe kwa kijiti.

Kitanda kisogezwe mpaka mlangoni juu ya vipande vitatu vya bomba la inchi 1. Kinachotoka nyuma kinarudishwa mbele. Kikifika kwenye reli, simama, ndipo bomba likatizwe mlangoni nyuma yake. Funga kamba zote mbili kwenye ubao wa kukatiza wa nyuma wa kitanda, na kila moja izungushwe pia chini ya mwili wa mashine, ili ubao ukipasuka chuma kisiondoke peke yake. Hakikisha stoo ya chini haina mtu. Mimi niliufunga mlango mdogo wa uani kwa kufuli, ufunguo nikatia mfukoni, kwa sababu binadamu hupenda kuchungulia.

Wakati wa hatari ni pale kitanda kinapopinduka kutoka sakafu ya usawa kuingia mteremko. Kikivuka nusu, pua inadondoka ghafla na kamba inashtuka. Kwa hiyo chonga mwanzo wa reli mviringo, na wenye mitaimbo wakizuie kitanda kwa nyuma wakati wa kuvuka. Kikishalala vizuri kwenye reli, simama tena, wote watulie, utazame mizunguko ya kamba, mapembe ya bomba, ukuta. Hapo ndipo useme legeza.

Kiganja kimoja, shika. Kiganja kimoja, shika. Kila kidato kwangu kilikula kama dakika moja na nusu. Kitanda kikikaa upande, usimtume mtu ashuke kukinyoosha. Legeza kamba ya upande mmoja kidogo kuliko nyingine kitajirudi. Mashine ya randa ilifika chini ndani ya dakika 20, na nilimwona hamali mkubwa kuliko wote akipangusa jasho akasema hajapata kushusha mzigo bila kuinama.

Msumeno wa mkanda una adabu yake. Usiushushe ukiwa umesimama, utakupindukia. Vua meza, ulaze kwa mgongo wake, ule upande wa nguzo, usilale juu ya magurudumu kwa sababu shafti zake zitapinda na hutaziona mpaka mkanda uanze kutoka. Sehemu yenye gurudumu la juu na nguzo nzito ikae upande wa mlimani, karibu na kamba.

Ukishafika chini

Kwenye pembe nyembamba mzigo unageuzwa juu ya vipande vya bomba vilivyopangwa kama vijiti vya feni, na mtaimbo unausogeza inchi moja moja. Usiwe na haraka, ingawa kila mtu atakuwa anafurahi.

Unyevu ndio adui wa chini. Hewa ya Tanga ina chumvi, na ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini. Tandika nailoni nene sakafuni, juu yake magogo ya mvule ya unene wa sentimita 10, na juu yake mashine. Maji ya masika yakiingia kwa bahati mbaya hayatagusa mota. Acha nusu mita kati ya mashine na ukuta. Wakati wa kuhamisha, nyuso za chuma zipakwe grisi. Ukishafunga meza zako, futa grisi, paka nta, na urudie kila mwezi. Nta haichafui mbao, grisi inachafua. Funga meza kwa vile vipande vya bati vyenye namba, sawazisha kwa pima maji, kisha hakiki kwa rula ndefu ya chuma kutoka meza hadi meza.

Umeme afanye fundi mwenye leseni, naye aweke waya wa ethi wa kweli na kifaa cha kukata umeme unapovuja, maana sakafu yenye unyevu haisamehi. Mota ya fezi tatu inataka volti 400. Fezi moja ya nyumbani ni volti 230, kwa hiyo uliza Tanesco kabla ya kuhamisha chochote. Washa mara ya kwanza bila mkanda wa mota. Ikizunguka kinyume, fundi abadilishane nyaya mbili zozote kati ya zile tatu za fezi.

Na vumbi. Juu upepo wa bahari ulikuwa unakusaidia, chini haupo. Vumbi la mbao liko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua, na vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua tangu siku ya kwanza. Mashine ya kunyonya vumbi na feni ya kutoa hewa nje ziwepo kabla hujapasua ubao wa kwanza, hata kama itabidi msumeno wa meza usubiri mwezi mmoja huko juu.

Baada ya wiki moja ya kazi, rudi na spana ukaze bolti zote za miguu, kwa sababu magogo ya chini hukaa na kushuka kidogo.

Bomba, reli na kitanda sikuviuza. Vimelala chini ya ngazi, na juu ya kila mashine nimeandika uzito wake kwa rangi nyeupe: mzima, na uliovuliwa. Stoo ni ya kukodi, na siku moja zitapanda. Kupanda msuguano unageuka kuwa adui: kilo zangu 176 zinaongezeka 76, zinakuwa 252. Siku hiyo ndipo nitapaka sabuni kwenye reli, nitafute winchi ya mnyororo ya tani 1, na nimrudie mzee wa Sahare kwa zile roda.